William Ladd: Mpasuaji Aliyewapigania Watoto Wachanga

Wasomaji wa ukurasa huu, na hasa ninyi ndugu zetu wa jeshi na polisi, mmezoea kusoma habari za majemadari na wapigania uhuru. Leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu wa namna nyingine. Hakuwahi kuongoza kikosi vitani wala kushika madaraka ya serikali. Alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani, jina lake William Edwards Ladd, na alifariki dunia mwaka 1967.

Huenda jina hilo halijasikika sana katika kambi zetu. Hata hivyo, hakuna mpasuaji wa watoto, awe Boston, Mumbai au Kampala, asiyelijua, kwani upasuaji mmoja unaookoa watoto wachanga huitwa kwa jina lake mpaka leo. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha jinsi nidhamu, subira na uangalifu wa mtu mmoja vinavyoweza kuokoa watu wengi ambao hatawaona kamwe. Pili, askari ni wazazi. Wengi wenu mmehamishwa mbali na miji mikubwa, na wake zenu hujifungua katika zahanati za kambi au katika vituo vya afya vya wilaya. Maradhi ambayo Ladd alijifunza kuyashinda bado yanawaua watoto katika nchi kama yetu, na mara nyingi yanaua kwa sababu tu ya kuchelewa.

MWANZO WAKE

William Ladd alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 1880 katika mji wa Milton, karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts. Jamaa zake walikuwa watu wenye uwezo, naye hakupata shida ya karo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard akamaliza mwaka 1902, kisha akaingia katika chuo cha udaktari cha hapo hapo Harvard na kuhitimu mwaka 1906. Baada ya hapo alijifunza upasuaji wa watu wazima pamoja na maradhi ya wanawake, kama walivyofanya vijana wengi wa taaluma yake.

Mwaka 1910 alianza kufanya kazi katika Hospitali ya Watoto ya Boston, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1869. Siku hizo kumpasua mtoto hakukuwa kazi ya kujitegemea. Wapasuaji wa watu wazima waliwatazama watoto kwa saa chache, kisha wakarudi kwa wagonjwa wao wa kawaida, ambao ndio waliowapatia riziki. Mtoto alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyepunguzwa kimo, na alichofanyiwa baba ndicho alichofanyiwa mwana, kwa vyombo vile vile na kwa haraka ile ile.

Matokeo yake yalikuwa ya kuhuzunisha. Mtoto mchanga aliyezaliwa na utumbo ulioziba alikuwa ni wa kufa. Baadhi ya madaktari waliona heri kutomgusa kabisa, maana waliamini kwamba kisu kingeharakisha tu jambo lisiloepukika. Wazazi walipewa pole na kuambiwa kwamba ni majaliwa.

Ladd hakuridhika na jibu hilo, ingawa hakuwa mtu wa makelele. Alianza kwa kuangalia na kuandika. Mwaka 1913 alitoa maelezo juu ya ugonjwa ambao sehemu moja ya utumbo wa mtoto huingia ndani ya sehemu nyingine, kama mkono wa shati unaporudi ndani yake wenyewe. Alionyesha kwamba kwa kuingiza dawa maalumu kwa njia ya haja kubwa na kisha kupiga picha ya eksirei, daktari aliweza kuliona tatizo lenyewe kabla ya kumpasua mtoto. Jambo hilo laweza kuonekana dogo kwetu leo, lakini lilikuwa hatua muhimu: kumjua adui kabla ya kumkabili.

MLIPUKO WA HALIFAX

Tarehe 6 Desemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, maafa makubwa yaliupata mji wa Halifax nchini Kanada. Bandari ya mji huo ilikuwa kituo cha meli zilizopeleka askari, chakula na silaha Ulaya. Asubuhi ile meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc, iliyosheheni maelfu ya tani za baruti na mafuta, iligongana na meli ya Kinorwe iitwayo Imo katika mlango mwembamba wa bandari. Moto ukawaka. Watu wakakimbilia madirishani na ufukoni kutazama, bila kujua ni shehena gani iliyokuwa ndani.

Kiasi cha dakika ishirini baadaye, meli ililipuka. Sehemu nzima ya mji ilibomolewa kwa dakika moja. Watu wapatao 2,000 walikufa na wengine wapatao 9,000 walijeruhiwa. Mamia walipata majeraha ya macho, maana vioo vya madirisha viliwarukia usoni walipokuwa wakitazama moto. Wengi wa majeruhi walikuwa watoto. Karani mmoja wa reli, Vincent Coleman, alikuwa ameambiwa akimbie, lakini alirudi kwenye mtambo wake wa simu kuionya treni ya abiria iliyokuwa njiani isikaribie mji. Alikufa zamuni mwake. Ninyi mnaolinda lindo usiku na mchana mtaielewa thamani ya tendo hilo kuliko sisi tunaoandika.

Siku iliyofuata dhoruba kali ya theluji iliufunika mji. Jimbo la Massachusetts halikungoja barua za kuombwa. Treni ya kwanza ya msaada iliondoka Boston usiku ule ule wa tarehe 6, na vikosi vingine vikafuata. William Ladd, aliyekuwa na umri wa miaka 37, aliongoza kikosi cha madaktari na wauguzi wa Msalaba Mwekundu. Walifika wakakuta madirisha hayana vioo na majengo hayana moto wa kuotea. Kikosi chake kikaligeuza jengo la Chuo cha St. Mary's kuwa hospitali, wakatibu majeruhi kwa majuma kadhaa.

Katika masimulizi ya taaluma ya upasuaji wa watoto husemwa kwamba ni pale Halifax, mbele ya vitanda vya watoto walioungua na kukatwa na vioo, ndipo Ladd alipoamua kuyatoa maisha yake yote kwa ajili ya watoto. Masimulizi hayo yamerudiwa mara nyingi. Lakini wako wanahistoria wanaoyatilia shaka, nao wanatukumbusha kwamba tayari alikuwa amewatibu watoto kwa miaka saba kabla ya mlipuko, na kwamba mabadiliko yake yalikuja pole pole. Sisi hatuoni haja ya kushindana juu ya jambo hilo. Lililo dhahiri ni kwamba baada ya kurudi Boston alizidi kuuacha upasuaji wa watu wazima, ingawa ndio uliokuwa na fedha, na akawaelekea watoto peke yao. Mwaka 1927 akafanywa mkuu wa upasuaji katika Hospitali ya Watoto.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Msingi wa mafundisho ya Ladd ulikuwa huu: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Tufafanue kidogo, maana ndani ya neno hilo mna siri ya kazi yake yote.

Mtoto mchanga mwenye uzito wa kilo 3 ana damu isiyozidi robo lita mwilini mwake. Hiyo ni pungufu ya chupa moja ya soda. Damu ambayo mtu mzima akiipoteza hujifuta na kuendelea na kazi, mtoto huyo akiipoteza hufa. Tena ngozi yake ni nyembamba na mwili wake hauna mafuta ya kutosha, hivyo hupoteza joto upesi. Akilazwa mezani bila kufunikwa katika chumba chenye ubaridi, moyo wake huanza kulegea kabla hata kisu hakijamgusa. Akitapika au kuharisha kwa siku moja, hukaukiwa maji kuliko mtu mzima aliyeugua juma zima.

Kwa sababu hiyo Ladd aliwataka wasaidizi wake wasikimbilie kisu. Kwanza mtoto apewe maji yaliyopungua mwilini. Atiwe joto. Tumbo lake lipunguzwe upepo na matapishi. Ndipo apasuliwe, kwa vyombo vidogo na uzi mwembamba, na kwa mikono inayogusa nyama kwa upole mkubwa. Baada ya hapo auguzwe na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo hiyo, ambao watahesabu kila tone linaloingia na kila tone linalotoka.

Kwa jicho la mtu wa nje hayo ni mambo madogo madogo. Lakini askari anajua kwamba kikosi hushindwa kwa kukosa maji, viatu na mawasiliano kabla ya kushindwa kwa kukosa ushujaa. Hali ni hiyo hiyo wodini. Watoto waliokufa baada ya upasuaji hawakufa wote kwa sababu mkono wa mpasuaji ulikosea. Wengi walikufa kwa baridi, kwa kiu na kwa uangalizi hafifu. Ladd alipoyarekebisha mambo hayo, vifo vilianza kupungua katika maradhi kadhaa, kama vile kuziba kwa mlango wa tumbo na utumbo kuingia ndani ya utumbo. Pia alishughulikia midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, majeraha ya moto na uvimbe wa figo wa watoto.

UTUMBO ULIOJIPINDA

Kazi iliyolifanya jina lake lidumu ni ile ya utumbo uliojipinda. Mtoto anapokuwa tumboni mwa mama, katika majuma ya mwanzo, utumbo wake hukua haraka kuliko tumbo lenyewe, hata sehemu yake hutoka na kuingia katika kitovu. Baadaye hurudi ndani, na katika kurudi huko huzunguka na kujipanga, kila sehemu mahali pake, kisha hushikizwa nyuma ya tumbo kwa utando mpana.

Mara nyingine mzunguko huo haukamiliki. Hapo utumbo mwembamba wote hubaki ukining'inia kwenye shina moja jembamba, ndani yake ikipita mishipa ya damu. Wakati wowote, na mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa uhai, shina hilo laweza kujisokota kama kamba ya ndoo ya kisimani. Damu hukatika. Baada ya saa chache utumbo hubadilika rangi ukawa mweusi na kufa, na mtoto hufa pamoja nao. Dalili ya kwanza ni moja, tena iko wazi: mtoto hutapika matapishi ya rangi ya kijani, yaani nyongo.

Katika maandishi yake ya mwaka 1932 na 1936, Ladd alieleza hatua za kumwokoa mtoto wa namna hiyo. Utumbo wote hutolewa nje na kutazamwa. Husokotolewa kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, mpaka damu irudi. Kisha hukatwa nyuzi zisizo za kawaida zinazoubana mwanzo wa utumbo mwembamba. Nyuzi hizo sasa huitwa nyuzi za Ladd. Lile shina jembamba hupanuliwa lisijisokote tena. Mwishoni utumbo mwembamba hulazwa upande wa kulia na utumbo mpana upande wa kushoto.

Jambo la kushangaza ni kwamba Ladd hakujaribu kuupanga utumbo kama ulivyo kwa watu wengine. Aliona kwamba kulazimisha mpango wa kawaida kulileta hatari zaidi, akauacha katika mpango mwingine ulio salama, na mtoto akakua, akala na kucheza kama wenzake. Karibu miaka tisini imepita tangu aandike maelezo yale, na wapasuaji wa watoto bado wanafuata hatua zile zile.

MKUU NA MDOGO WAKE

Tusimsimulie mtu kana kwamba hakuwa na kasoro. Ladd alikuwa mkuu mkali, na kulikuwa na jambo moja lililomtia katika mvutano mkubwa na kijana wake hodari kuliko wote, Robert Gross, aliyezaliwa mwaka 1905.

Gross alikuwa amechunguza mshipa mmoja ulio karibu na moyo, ambao hutakiwa kujifunga mtoto anapozaliwa. Kwa baadhi ya watoto haujifungi, na moyo huchoka hadi kushindwa. Gross aliamini kwamba mshipa huo waweza kufungwa kwa uzi. Ladd hakukubali, aliona hatari ni kubwa mno. Basi mwezi wa Agosti mwaka 1938, Ladd akiwa safarini likizoni, Gross alimpasua msichana wa miaka 7 na kuufunga mshipa ule. Msichana akapona. Habari zikaenea duniani kote, na tendo hilo likawa mwanzo mkubwa wa upasuaji wa moyo wa watoto.

Ninyi mnaoishi kwa amri mtaona mara moja ugumu wa jambo hilo. Mdogo alitenda bila ruhusa ya mkuu, naye akafanikiwa. Je, angeshindwa, tungesema nini juu yake leo? Na mkuu, je, alikosea kwa kuwa mwangalifu, wakati uangalifu huo huo ndio uliookoa mamia ya watoto? Uhusiano wa watu hao wawili haukurudi kuwa mwema kama zamani. Lakini, na hili ndilo tunaloliheshimu, waliendelea kufanya kazi chini ya paa moja, na mwaka 1941 walitoa pamoja kitabu juu ya upasuaji wa tumbo la watoto wachanga na watoto wadogo. Kitabu hicho kikawa mwalimu wa wapasuaji wa kizazi kizima. Ugomvi wao haukuachwa uwe mzigo wa mgonjwa.

Katika miaka hiyo hiyo ulishindwa ugonjwa mwingine uliokuwa umewashinda wote. Wako watoto wanaozaliwa na umio uliokatika: chakula hakifiki tumboni, na mate hurudi na kuingia mapafuni. Hadi mwaka 1939 karibu wote walikufa, hata waliopasuliwa. Mwaka huo Ladd huko Boston na mpasuaji mwingine, Logan Leven wa jimbo la Minnesota, karibu wakati mmoja, walimwokoa kila mmoja mtoto wake kwa mfululizo wa operesheni. Mwaka 1941, Cameron Haight wa jimbo la Michigan akafaulu kuziunganisha ncha mbili za umio kwa operesheni moja.

WANAFUNZI WAKE NA MWISHO WAKE

Ladd alistaafu mwaka 1945. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimeanzisha cheo cha uprofesa wa upasuaji wa watoto chenye jina lake. Wanafunzi waliopita katika hospitali ile walisambaa kila upande. Orvar Swenson alitoa mwaka 1948 njia ya kutibu watoto ambao mwisho wa utumbo wao mpana hauna mishipa ya fahamu. Everett Koop aliyepata mafunzo huko Boston alijenga upasuaji wa watoto katika mji wa Philadelphia, na baadaye, kuanzia mwaka 1982 hadi 1989, akawa mganga mkuu wa serikali ya Marekani. Nchini Uingereza, Isabella Forshall na Peter Rickham walianzisha mwaka 1953 huko Liverpool wodi maalumu ya upasuaji wa watoto wachanga.

Mwaka 1948 wapasuaji wa watoto wa Marekani walipata chama chao ndani ya jumuiya ya madaktari wa watoto, na Ladd akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1954 ikatolewa nishani yenye jina lake kwa wale wanaotumikia taaluma hiyo vizuri. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 86. Ilikuwa mwaka 1975, miaka minane baada ya kifo chake, ndipo baraza la upasuaji la Marekani lilipoanza kutoa mtihani maalumu wa upasuaji wa watoto. Kazi aliyoianza akiwa karibu peke yake ilihitaji zaidi ya nusu karne kupata cheti.

NA SISI JE?

Wasomaji wetu wana haki ya kuuliza: habari za Boston zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana, kwa sababu elimu aliyoiacha Ladd haijagawanywa sawasawa duniani.

Kati ya mwaka 2018 na 2019 madaktari wa hospitali 264 katika nchi 74 waliwafuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na matumbo, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021. Katika nchi tajiri, kati ya watoto 100 walikufa wasiofika 6. Katika nchi maskini walikufa karibu 40. Kwa watoto waliozaliwa matumbo yakiwa nje, tofauti ilikuwa ya kutisha zaidi: katika nchi tajiri alikufa mmoja au wawili kati ya 100, na katika nchi maskini walikufa 90. Ugonjwa ni ule ule, na mtoto ni yule yule. Kinachotofautiana ni mahali alipozaliwa.

Tusidhani kwamba tofauti hiyo inatokana na mikono ya wapasuaji wetu. Wachache tulio nao ni hodari. Sababu ni zile zile alizozikuta Ladd: mtoto hufika amechelewa, amepoa, amekaukiwa maji, na mara nyingi vijidudu vimekwisha ingia katika damu yake. Akifika, huenda mashine ya kumsaidia kupumua haipo, au mtaalamu wa dawa ya usingizi wa watoto ni mmoja tu, au hakuna njia ya kumlisha kwa mshipa wakati utumbo unapumzika.

Wala tusidhani kwamba kisu ni jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alimshuhudia mganga wa Bunyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga alitumia mvinyo wa ndizi kumlegeza mama na kunawia mikono, akatoa mtoto, akafunga jeraha kwa misumari midogo ya chuma na uzi wa magome. Mama na mtoto walikuwa hai Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye. Wakati ule hata huko Ulaya wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Na katika siku zetu hizi, upasuaji wa watoto unafanyika Mulago na Mbarara, na tangu mwaka 2021 iko hospitali ya upasuaji wa watoto huko Entebbe, inayotibu bila malipo. Kwa hiyo mlango upo. Swali ni kama mtoto ataufikia akiwa hai.

Hapa ndipo maisha ya Ladd yanapoingia katika nyumba za kambi na mistari ya polisi. Kila baba na kila mama na azikariri dalili hizi nne, kama anavyokariri namba ya bunduki yake. Ya kwanza: mtoto mchanga anayetapika kijani. Hilo si jambo la kungojea kesho wala la kumpa dawa ya kienyeji. Ni la kuondoka saa ile ile. Ya pili: mtoto anayetoa mate mengi yenye povu na kupaliwa kila anaponyonya mara ya kwanza. Huyo asilazimishwe kunyonya, apelekwe. Ya tatu: mtoto asiyepata choo siku nzima ya kwanza, au asiyekuwa na tundu la haja kubwa. Mkunga anapaswa kulitazama hilo kabla hajamfunga nguo. Ya nne: mtoto aliyezaliwa matumbo yakiwa nje. Yasisukumwe ndani, yafunikwe kwa nailoni safi ili yasikauke, na safari ianze.

Njiani mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe blanketi. Joto la mama halihitaji umeme wala mafuta, na linaokoa maisha. Mwenye matumbo yaliyo nje avishwe kofia na afunikwe vizuri bila kubanwa tumbo.

Na ninyi askari mlioko kwenye vizuizi vya barabarani, mnaweza kuwa sehemu ya matibabu hayo bila kushika kisu. Gari lililobeba mtoto mchanga mgonjwa usiku wa manane lisicheleweshwe kwa ukaguzi wa karatasi. Kikiwapo chombo cha redio kituoni, taarifa ipelekwe mbele ili kizuizi kinachofuata kijue na hospitali ijiandae. Nusu saa inayookolewa barabarani yaweza kuwa ndiyo nusu saa ambayo utumbo uliojisokota ulikuwa umebakiza.

Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hatudhani walikuwa wakiwazungumzia watoto wachanga, lakini kwa watoto hawa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. William Ladd hakuwa na dawa ya miujiza. Alikataa tu kukubali kwamba mtoto anayetapika kijani ni wa kuzikwa, akamfunika, akampa maji, akatazama kwa makini ndani ya tumbo lake, na akawafundisha wengine alichokiona. Jukumu letu ni kuhakikisha kwamba mtoto wa kambini anafika mezani kwa mpasuaji kabla ya saa kumpita.